Roboti Iliyomfuata Mheshimiwa

Jumamosi iliyopita, mbele ya wazazi, walimu wakuu wawili na kasisi aliyekuwa ametoka kuibariki teknolojia, roboti yetu iliuacha mstari mweusi iliochorewa ikamfuata mheshimiwa. Alirudi nyuma, ikasonga mbele. Akahamia kushoto, nayo ikahamia kushoto. Mwishowe alipanda juu ya kiti cha plastiki, na mlinzi wake akaipiga roboti teke. Katika video inayozunguka simu za watu kutoka Mbita hadi Isebania, sauti nyembamba inasikika ikilia, “Usipige, hiyo ni ya shule!” Sauti hiyo ni yangu.

Tangu siku hiyo najaribu kueleza kilichotokea na kila mtu ananikatiza kwa kucheka. Wewe angalau huwezi kunikatiza.

Roboti ya kufuata mstari haina macho. Chini ya tumbo ina vihisi vilivyopangwa safu, na kila kihisi kina taa ndogo inayomulika miale ya infraredi, miale ambayo jicho la binadamu haliioni. Kando ya taa kuna kipokezi kinachosubiri miale hiyo igonge sakafu na kurudi. Sakafu nyeupe huirudisha kwa wingi. Tepu nyeusi huimeza. Kihisi cha kushoto kikiona weusi, mota ya kushoto hupunguza kasi na roboti hupinda kushoto. Cha kulia kikiona weusi, hupinda kulia. Ni hayo tu, yakirudiwa haraka kiasi kwamba unaona kitu kinachoteleza juu ya mstari kana kwamba kinajua kinakokwenda. Mimi ni mtu mzima na bado nikiitazama nasahau chai yangu. Na vihisi vyenyewe vinauzwa Luthuli Avenue, Nairobi, kwa bei ambayo haikutoshi nauli ya kwenda Rongo na kurudi.

Kila kihisi kina skrubu ndogo. Ukiizungusha, unaiambia roboti weusi unaanzia wapi. Wanafunzi walizizungusha jioni, ndani ya maabara, mapazia yamefungwa, na roboti ikazunguka mstari bila kukosea mpaka tukachoka sisi.

Sasa njoo kwenye jua. Karibu nusu ya nishati ya jua inayofika ardhini ni infraredi hiyo hiyo. Ukiiweka roboti yetu nje, vipokezi vinafurika: saruji ni nyeupe, bango lenye mstari ni jeupe, tepu nyeusi nayo ni nyeupe. Kinachobaki cheusi duniani ni kivuli. Na kivuli kipana kuliko vyote uwanjani kilikuwa cha mheshimiwa.

Alialikwa saa sita mchana. Homa Bay iko nusu digrii tu kusini mwa ikweta, na mwezi Machi mchana mtu hapa hukanyaga kivuli chake mwenyewe. Angefika kwa wakati, roboti isingekuwa na cha kufuata. Alifika saa kumi, kivuli kimemzidi urefu, akasema hana nafasi ya kuingia maabara kwa sababu anasubiriwa kanisani upande wa Ndhiwa. “Leteni hicho kitu hapa nje, wapiga picha waone.” Tukakileta. Jua lilikuwa mgongoni mwake. Roboti ikaona mstari mnene kuliko wote iliowahi kuuona, ukiishia kwenye viatu vyake.

Emsii alisema kwenye kipaza sauti kwamba hata mashine inamtambua kiongozi. Watu wakapiga makofi.

Lakini tulikuwa tumekuja kutafuta pesa, na hapo ndipo mambo yanapokuwa na adabu zake. Mgeni wetu alianza kwa kueleza kwamba hakuja kuchanga. Mnakumbuka, alisema, Julai 2024 Rais William Ruto alitangaza kupiga marufuku maafisa wa serikali kushiriki harambee. Yeye basi alikuja “kama mzazi”. Hana mtoto katika shule yetu, wala katika shule ya Migori tunayoshirikiana nayo, ila alisema neno hilo kwa hisia hata mama mmoja akafuta machozi. Kisha, kama mzazi, akatoa hundi ya kadibodi yenye urefu wa mita moja na nusu: 200,000/=.

Usiku huo nilisoma Sura ya 27 ya Sheria za Kenya, ile ya hundi na hawala. Inataka hundi iwe ya maandishi, ielekezwe kwa benki, itiwe sahihi, ilipwe inapodaiwa. Kuhusu ukubwa haikatazi kitu. Yetu ilitimiza sharti la maandishi. Mahali pa namba ya akaunti palikuwa na kaulimbiu, na mahali pa sahihi palikuwa na picha yake akitabasamu.

Pesa halisi ya siku hiyo ililetwa na jogoo. Alipigwa mnada, aliyemnunua akalipa akamrudisha, akapigwa mnada tena, na mnunuzi wa pili naye akamrudisha, hadi jogoo mwenyewe akaanza kupanda mezani bila kuitwa. Alikusanya karibu kiasi tulichotumia kukodi hema, spika, na kumpikia mheshimiwa mbuta ambayo hakuwa na muda wa kuila. Viti tulipanga vizuri. Mji uliopokea taifa zima siku ya Madaraka ya 2025 haushindwi na viti.

Kabla ya hapo tulikuwa tumeshazunguka. Mnunuzi wa dhahabu mjini Migori aliuliza kama roboti inaweza kunusa dhahabu. Tulipomwambia inanusa tepu, akatununulia soda. Kampuni moja ilitaka hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu za klabu yenye bisibisi mbili. Ofisi moja ya basari ilituambia roboti si karo. Kanisa lilituombea.

Wote hao, nikiri, walituuliza swali moja la haki: mnataka pesa ya nini, na roboti mnayo? Roboti kweli tunayo, na ni rahisi. Wanaogharimu ni binadamu. Timu ni ya shule mbili, kwa hiyo kufanya mazoezi tu lazima watoto wa Migori wapande matatu hadi Rongo, washuke, wapande nyingine ya Homa Bay, na makanga akiona lile sanduku analitoza kama abiria. Halafu kuna mashindano yenyewe, Nairobi: basi, malazi, chakula, mwalimu wa kike wa kuwasindikiza wasichana. Mfadhili anataka kitu cha kubandika nembo. Nauli haibandikwi nembo.

Rafiki yangu wa Kisumu, kunitia moyo, alinitumia habari ya wasichana sita wa Afghanistan ambao mwaka 2017 walisafiri kilomita kama 800 kutoka Herat hadi Kabul, mara mbili, kuomba viza ya kwenda Washington kwenye mashindano ya FIRST Global. Mara zote mbili walinyimwa, na dakika za mwisho wakaruhusiwa. Niliwasomea wanafunzi darasani. Walisikiliza kimya hadi mwisho, kisha mvulana mmoja akainua mkono: “Mwalimu, nauli ya Kabul alilipa nani?”

Mchango uliokuwa ukienda vizuri ulikuwa wa kundi la WhatsApp. Unaijua orodha hiyo: mtu anaandika jina lake na kiasi, anayefuata anainakili yote na kujiongeza chini. Wengi walituma shilingi 100 kamili, kwa kuwa M-Pesa haitozi ada ya kutuma 100 kushuka chini. Orodha ilikuwa inakua taratibu, bila hotuba. Kisha ile picha ya hundi ikawekwa Facebook.

Siku iliyofuata nilikwenda ufuoni kwa mama mmoja muuza omena aliyekuwa ameahidi kitu. Alinitazama akacheka. “Si mlipata laki mbili, mwalimu? Nimewaona.” Kwenye kundi, orodha ilisimama hapo hapo. Watu wakaanza kutoka mmoja mmoja, bila kuaga. Baba mmoja wa Awendo alinipigia usiku: “Japuonj,” yaani mwalimu, “hiyo laki mbili mmeilaje?” Nilimweleza kwamba haijafika. Akanyamaza kwa namna ya mtu anayemwachia mwizi nafasi ya kutubu.

Hili silioni la kuchekesha, hata kwa mwaka mmoja ujao. Kabla ya hundi tulikuwa na akiba ndogo na mlango wa kuombea. Sasa tuna akiba ile ile, mlango umefungwa, na jina langu linatafunwa katika kaunti mbili. Aliyeahidi hakupoteza hata senti. Aliondoka na picha. Nikipiga simu kuuliza, naambiwa nisiwe na haraka, “mchakato unaendelea”.

Wanafunzi hawakungoja mchakato. Dada mmoja wa kidato cha tatu aligundua kwamba rimoti ya televisheni hushinda jua kwa kupepesa taa yake mara 38,000 hivi kwa sekunde, na jua halipepesi. Akaandika programu: zima taa, soma, washa taa, soma, toa ya kwanza kwenye ya pili. Kinachobaki ni mwanga wako mwenyewe. Ila kipokezi kikifurika kabisa hesabu hiyo haisaidii, kwa hiyo vihisi vilihitaji pia sketi ya kuvikinga, ya kitu kigumu, chepesi, kisichopitisha mwanga. Shuleni kitu cha namna hiyo kilikuwa kimoja tu, kimeegemezwa ukutani ofisini.

Jana msaidizi wa mheshimiwa alinipigia. Nilipokea kabla simu haijamaliza mlio wa kwanza. Alitaka tuirudishe hundi. Ijumaa wana shughuli katika shule nyingine, na jina letu liliandikwa kwa kalamu ya kufutika. Niipeleke steji, niipakie kwenye matatu ya Kisumu, na ada ya mzigo nilipe mimi kwanza.

Nikamweleza kwamba sifuri tatu za mwisho zimekatwa zikawa sketi, na hundi imebaki ya shilingi mia mbili.

“Hakuna shida, mwalimu,” akasema. “Sifuri tutaongeza sisi.”