Bwana Matuta

Gambuti zangu zilikuwa mpya, za kijani, na zilizidi miguu yangu namba mbili. Nilizinunua sokoni Morogoro siku nilipopata barua ya mafunzo tarajali, kwa sababu kila mtaalamu wa kilimo niliyemwona pichani alikuwa amevaa gambuti na ananyoosha kidole kwenye hindi. Barua ilisema nitashughulika na utetezi wa sera za kilimo endelevu na kuwafikia wakulima. Mama aliisoma mara mbili, akaigeuza nyuma. "Na mshahara wameuandika ukurasa gani?" Barua ilikuwa ya ukurasa mmoja.

Wiki mbili za kwanza nilizimalizia kwenye bango kitita. Nilichora mlima wenye matuta ya ngazi, maji yakishuka kwa adabu kama wanafunzi wanaotoka mstarini. Nikachora chapati iliyokatwa vipande kumi, kimoja nimekipaka nyekundu: asilimia 10 ya bajeti, ile ambayo viongozi wa Afrika waliahidi pale Maputo mwaka 2003 kuitenga kwa ajili ya kilimo. Karatasi ya tatu ilikuwa na lundo la mboji, tabaka juu ya tabaka, na kijiti cha kupimia joto kimechomekwa katikati. Msimamizi wangu alizitazama akasema picha zinajieleza. Laiti zingejieleza, ningebaki ofisini.

Ilikuwa Novemba 2022, na upande wa mashariki wa milima ya Uluguru mvua haibishi hodi. Bodaboda iliyonipandisha kuelekea Matombo ilinibeba mimi, bango kitita, katoni ya maji ya kunywa, na mfuko wa samadi ya kuku kwa ajili ya maonyesho. Mpaka leo sijui ni nani pale ofisini aliyedhani kijijini hakuna kuku. Kwenye kona ya tatu tulianguka. Hatukuanguka kwa kishindo. Tulilala tu upande, taratibu, kama ng'ombe aliyechoka. Mimi sikuumia. Mfuko ndio uliopasuka, na mlima wangu wa rangi ukapata rutuba kabla ya wakati.

Nilipofika nilikuta watu zaidi ya sitini nje ya ofisi ya kijiji. Moyo ulinijaa. Nilikuwa nimeambiwa nikipata kumi nishukuru! Mwenyekiti akasimama: "Wageni wetu wa mbolea wamefika." Nikageuka kuwatafuta hao wageni. Nyuma yangu hapakuwa na mtu.

Msimu ule serikali ilikuwa imerudisha mbolea ya ruzuku, na ili uipate ilibidi kwanza uandikishwe. Watu walikuja na vitambulisho vya NIDA mkononi. Mzee mmoja alikuwa anasugua kidole gumba kwenye suruali kiwe safi kwa kuchukuliwa alama. Na mimi, ndugu msomaji, nilikuwa nimetumwa kuwaambia wapunguze kutegemea mbolea ya dukani. Nilieleza kwa dakika kumi nzima: afya ya udongo, gharama, viumbe hai vya ardhini. Mwenyekiti akanifupishia: "Anasema mbolea itakuja baadaye."

Nusu wakaondoka. Nusu wakabaki, kwa kuwa mvua ilikuwa inanyesha na bati lilikuwa la ofisi.

Nikafungua karatasi ya kwanza. Harufu iliwafikia wa mbele kabla ya somo. Mzee wa kidole gumba akaukodolea macho mlima wangu, akashuka na macho mpaka kwenye gambuti, akacheka hadi akashika ukuta.

"Mjukuu wangu," akasema, "hayo matuta tulishayapigania."

Nikamwambia, "Shikamoo babu, matuta yanazuia mmomonyoko."

"Marahaba. Hata yule bwana shamba wa Kiingereza alisema hivyo hivyo. Na alikuwa na mabuti."

Babu alinisimulia mambo ambayo ningeyajua kama ningefungua kitabu kimoja cha historia kabla ya kufungua maka peni. Wakoloni waliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi milima yote hii. Kwenye udongo kama wa huku, ukichimba ngazi unaleta juu udongo wa chini usio na rutuba, ule wa juu unaufukia, halafu unashangaa mahindi yamedumaa. Mwezi Julai 1955 watu walifurika hapo Matombo kuyakataa, vurugu ikazuka, na mpango ule haukudumu. Babu wakati huo alikuwa mtoto wa kuchunga mbuzi. "Mbuzi ndio walioyapenda matuta," akasema. "Walipanda bila kuhema." Tangu dakika ile jina langu likawa Bwana Matuta.

Nikakimbilia chapati. Nikaeleza Maputo, nikaongeza kwamba mwaka 2014 viongozi walikutana tena Malabo wakairudia ahadi ileile. Bibi mmoja mwenye khanga kichwani akainua mkono.

"Ile ya kwanza walikuwa wameilipa?"

"Nchi nyingi bado, bibi."

"Kwenye kikoba chetu, mtu akiahidi mara ya pili tunakwenda kuchukua godoro."

Nimehudhuria warsha za sera zenye viyoyozi na korosho, na sijasikia pendekezo la utekelezaji lililo wazi kama hilo. Nililiandika kwenye ripoti. Msimamizi akalifuta.

Ikabaki mboji. Tulilijenga lundo juu kidogo ya nyumba ya mwenyekiti: mabua, majani mabichi, majivu, udongo, na samadi ya kuku ambayo mwenye nyumba aliitoa bandani kwake bila maonyesho yoyote. Nikachomeka kijiti kwa madaha, nikaahidi kurudi baada ya wiki kupima joto. Niliporudi nilikuta kijiti, kimesimama peke yake kama mlinzi ambaye benki imehamishwa. Mvua ya siku ya tatu ilikuwa imelibeba lundo lote kwenye mteremko, na kulimwaga kwenye migomba ya babu.

Kwenye ripoti niliandika: "Wakulima waliofikiwa: 61. Kaya moja imeanza kutumia mboji." Hakuna uongo hapo. Sikuulizwa kama kaya yenyewe ilitaka.

Namba yangu ya simu niliiacha ubaoni pale ofisi ya kijiji, na kwa miezi mingi nilipigiwa kuulizwa mbolea imefika wapi. Babu naye hupiga. Safari ya mwisho alinieleza kwamba mkungu mmoja umehitaji watu wawili kuubeba, na kwamba nikipata nafasi nirudi nikajenge lundo jingine, palepale, mvua ikikaribia. Simu ikakatika. Baadaye kidogo akabipu, nikampigia.

"Bwana Matuta," akasema, "na ile mbolea?"