Jogoo wa Livingstone

Tembe ni nyumba ndefu yenye kimo kifupi na paa bapa la udongo. Kuingia ni kuinama, ndama hulala humohumo, na mvua ikinyesha kila mtu anajua mkeka wake unahamia kona gani. Sisi Wanyaturu tumezaliwa humo. Kisha tukapata bati, tukabomoa matembe yetu, na sasa tunakodi Noah kutoka Singida hadi Tabora kwenda kulipa kiingilio tulione moja.

Shangazi aliambiwa kwamba tunakwenda nyumbani kwa Livingstone. Hakuuliza ni Livingstone yupi wala kama yu hai. Alikwenda bandani, akamkamata jogoo mwekundu, akamfunga miguu kwa kamba ya katani.

"Nyumbani kwa mtu hatuendi mikono mitupu," alisema.

Mwenye nyumba, mpelelezi wa Kizungu, alifariki mwaka 1873. Ndani ya gari hapakuwa na mtu mwenye ujasiri wa kumwambia.

Tulipita Misigiri salama. Kwenye Mlima Sekenke, tukiteremka, breki zikaanza kunuka, na dereva akaegesha pembeni zipoe. Shangazi alishuka na jogoo wake kwapani akasimama kando ya lami. Kuku wa Singida ana jina nchi nzima, kwa hiyo haikupita muda magari yakaanza kusimama kuuliza bei. Basi moja lilisimama kabisa. Abiria alitoa kichwa dirishani akafika elfu thelathini kabla shangazi hajamfukuza.

Kwa kuwa tulikuwa tumekwama hapo, mpwa wangu anayesoma historia akaanza kutufundisha. Wajerumani walichimba dhahabu Sekenke, na katika vita kuu ya kwanza, walipozingirwa na manowari za Waingereza, wasipate fedha kutoka Ujerumani, wakaipeleka dhahabu hiyo Tabora. Huko, kwenye karakana ya reli, mwaka 1916, wakafua sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Zilitoka takribani 16,200 tu, na leo wakusanyaji wa sarafu duniani wanazigombania.

Dereva, akiwa uvunguni mwa gari, akasema angepata moja tu angebadilisha breki zote nne na tairi juu.

Tembe la Livingstone liko Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora. Mwongozaji alikuwa kijana mwenye adabu. Alitueleza kwamba tembe la kwanza lilijengwa mwaka 1857, likachakaa, na hili lililosimama sasa lilijengwa upya mwaka 1957.

"Hamsini na saba?" shangazi aliuliza. "Mimi ni wa arobaini na nane. Nyumba hii ni mdogo wangu. Mbona haijaniamkia?"

Kijana hakusita. "Shikamoo, bibi," alisema kwa niaba ya nyumba.

"Marahaba. Tuendelee."

Tuliendelea hadi kwenye habari ya Februari 1872, Livingstone alipofika hapa pamoja na mwandishi wa habari Stanley, wakitokea Ujiji. Mwezi Machi Stanley akaondoka kwenda pwani kumtafutia wapagazi na bidhaa. Mzee wa watu akabaki akisubiri mpaka Agosti. Shangazi alihesabu kwa vidole.

"Miezi mitano anasubiri mzigo? Kwani hakupewa namba ya kondakta?"

Hapo kamba ya katani ikaachia. Jogoo alipita katikati ya wanafunzi waliokuwa kwenye ziara, akapiga kona chumba cha pili, akasimama chini ya picha ya Livingstone na kuwika kwa sauti ya mwenye mji. Wanafunzi walimsahau Stanley papo hapo. Mmoja aliyekuwa na daftari alimuuliza mwalimu kama huyu naye ni wa 1872. Mpwa wangu wa historia aliruka kumkamata jogoo, akapata manyoya mawili. Shangazi alitusogeza kando, akafungua pindo la kanga, akatoa punje za mtama, na jogoo akarudi mwenyewe.

Kilichomnyamazisha shangazi ni habari za Chuma na Susi, watumishi wa Livingstone. Bwana wao alipofariki kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, wao na wenzao waliukausha mwili wake wakaubeba kuelekea pwani. Oktoba 1873 walifika hapa, eneo la Unyanyembe, na kumkuta Cameron, Mwingereza aliyetumwa kumsaidia Livingstone, akawashauri wamzike hukuhuku. Walikataa. Walimfikisha Bagamoyo, na Aprili 1874 akazikwa Westminster Abbey, London.

"Huyo mzungu amepewa nyumba, amepewa na picha," shangazi alisema baada ya kimya kirefu. "Kuku ni wa hao vijana." Kwa kuwa vijana hawakuwepo, alimkabidhi mwongozaji awapokelee, na katika hilo hakukuwa na mjadala.

Ili tusikodi tena Noah kwenda kutazama tembe Tabora, ombi langu linakwenda kwa halmashauri za Singida. Tafuteni tembe moja ambalo bado limesimama, mlipeni mwenyewe alikarabati maadamu wazee wanaojua kupanga miti ya paa wangali hai, kisha mumweke mlangoni apokee kiingilio. Shangazi yuko tayari kuanza hata kesho. Bei ameshapanga: watu wazima elfu mbili, wanafunzi mia tano, na anayekuja na kuku anaingia bure.