Mtungi wa Gesi Uliohamia Jirani

Kwanza iliondoka feni. Shemeji yangu alisema anaipeleka kwa fundi, nasi joto lile la Ngamiani tukalipepea kwa gazeti. Likafuata beseni. Ijumaa moja, wageni wa Muheza wameshakaa mkekani, naenda kuwasha jiko niunge pilau, nakuta mpira wa gesi unaning'inia peke yake. Mtungi hakuna! Tena ule mkubwa, wa kilo 15.

Hatukuwa na haja ya kwenda polisi. Barabara ya pili kutoka kwetu kuna binti anayepika vitumbua, na shemeji alikuwa ameshazama. Kila alfajiri alirudi na mfuko ambao nyumba nzima haiumalizi. Watoto wakabeba shuleni, mabaki tukawarushia kuku. Mama mkwe, aliyekatazwa sukari na daktari, alivila kwa kujificha, na tangu hapo akawa wakili wa penzi lile. "Mwacheni mwanangu," alikuwa akisema, mdomo ukimng'aa mafuta. "Mwanamke habembelezwi siku moja."

Nikaufuata mtungi mwenyewe. Nilimkuta binti kainamia chuma, anageuza vitumbua vya oda ya jioni kwa kijiti, kimoja kimoja, ukingo umeshaiva na katikati bado panatetemeka. Pembeni mdogo wake kakalia mbuzi anakuna nazi. Mbuzi ya mama mkwe! Hiyo hata hatukujua kama imetoka.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Nimefuata gesi."

Hakubabaika. "Nilimwambia tangu Mfungo Sita, hata Maulidi hayajasomwa: nina mchumba, yuko Wete. Feni nikamwambia siitaki, akaiacha mlangoni akaenda zake. Dada, ningeitupa barabarani?" Akanionyesha: imeegemezwa ukutani, waya umezungushwa vilevile alivyouzungusha shemeji. "Leo gesi imeniishia, nikasema nitanunua. Sijakaa sawa, huyo kaja na mtungi begani."

Sikuwa na la kumjibu. Mitaa yetu haina huruma na mabinti: akipokea, anachuna watu, akikataa, anaringa. Huyu alikuwa amekataa kwa maneno ambayo hata mtoto angeyaelewa, ila aliyeambiwa alisikia sauti tu.

Shemeji aliurudisha mtungi mwenyewe. Wageni walikula pilau karibu na magharibi, matumbo yakiwa yamejaa vitumbua. Usiku akanifuata uani.

"Shemeji, lakini alikuwa akiniona anacheka."

"Ni mfanyabiashara, shemeji. Anacheka na wateja wote."

Alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza kama kuna chai. Kesho yake alfajiri hakutoka. Mama mkwe alizunguka jikoni, akafunua hotipoti, akaifunika, akafunua tena.

Kadi ya mchango wa harusi ilipoletwa, jina la shemeji limeandikwa kwa kalamu, mama mkwe alitaka kuichana. Mwanawe aliichukua, akaisoma mbele na nyuma, akaomba kalamu. Akajaza ahadi, tena si ya kitoto, na chini akaongeza kuwa mbuzi ibaki, kamati iihesabu humo humo. Mweka hazina akaikadiria bei, akaiandika kwenye daftari. Mama mkwe mpaka leo hajakubali. Anasema wamempunja, mbuzi ile ilikuwa ya mninga.