Nilivyomuua Mzee wa Reli

Mtu wa Buluo akiwa ugenini hajitambulishi haraka. Ukilitaja jina hilo Lubumbashi, au hata Kinshasa, anayekusikia hukutazama mikono kwanza, kisha huuliza kwa upole: "Ulitoka lini?" Kwao Buluo si mtaa wa Likasi wenye mama wauza kapenta na watoto wanaochelewa shule. Ni gereza, basi. Ndiyo maana nilipoanza kufuata mafundisho ya Buddha shemeji yangu hakushangaa. Alisema watu hubadilika sana wakiwa ndani.

Mimi sijafungwa hata siku moja. Ubuddha niliupata Dar es Salaam nikisubiri kontena. Wafanyabiashara wa Katanga wanaijua subira hiyo: mzigo uko bandarini, karatasi ziko ofisini, na hela ya gesti inayeyuka. Siku ya kumi na mbili nilikuwa nazurura Upanga, nikaingia katika hekalu ambalo Wasinhala kutoka Sri Lanka walilianzisha mwanzoni mwa miaka ya 1920. Sikufuata dini, nilifuata kivuli. Mtawa akanipa chai, akanionyesha mti wa bodhi, akanifundisha maadili matano: usiue chenye uhai, usichukue usichopewa, usizini, usiseme uongo, usinywe kilevi. Wakati ule sikuwa na hela ya pombe wala ya uzinzi. Nikaona dini hii na mimi tumekwisha kuelewana.

Nyumbani mke wangu aliuliza kama hiyo si dini ya Wachina wa migodini. Nikamweleza kwamba karibu na Entebbe yuko mtawa Mganda, Bhante Buddharakkhita, aliyeanzisha kituo cha Kibuddha mwaka 2005. "Na huyo Muganda, bibi yake anasema nini?" Nikamjibu kwamba watawa hawaoi. Akaninyamazia siku mbili.

Shida haikuwa mke. Shida ilikuwa starehe. Siku ya mwezi mpevu mfuasi anayejikaza huongeza masharti, matano yakawa manane, na la saba linakataza dansi, nyimbo na maonyesho. Kwa watawa orodha ni ndefu zaidi: wasitazame tembo wakipiganishwa, majogoo wakipiganishwa, ndondi, mieleka. Mieleka, kwa jina lake! Zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, huko India, mtu alikwisha kuniona mimi nikiwa ukingoni mwa ulingo wa kachi, mieleka ya kwetu, nikimshangilia mpiganaji anayemwangusha mwenzake kwa dawa badala ya misuli.

Basi, usiku mmoja wa mwezi mpevu, nikiwa na manane yangu kamili, kijana wa jirani akapita akitangaza kwamba chumba cha video kinaonyesha vita ya Likasi.

Filamu yenyewe ni The Siege of Jadotville, ya mwaka 2016. Jadotville ndilo lililokuwa jina la mji wetu hadi 1966. Inasimulia Septemba 1961, enzi za Katanga iliyojitenga ya Moïse Tshombe, pale askari wa Ireland wapatao 150 wa Umoja wa Mataifa, chini ya Pat Quinlan, walipozingirwa siku tano na jeshi la Katanga na mamluki wake, mpaka maji na risasi vikawaishia wakasalimu amri. Katika mapigano hayo hakufa Mwairishi hata mmoja. Waliokufa walikuwa wa upande wetu.

Maisha yangu yote nimetazama New York ikilipuliwa. Leo ni zamu yetu, halafu mimi nilale?

"Kuna kilio kule Panda," nikamwambia mke wangu. "Mzee wa Reli ametutoka."

Akashika kichwa. Mzee wa Reli ni mstaafu ambaye kila mtu anamjua na hakuna anayemwona mara kwa mara, kwa hiyo alifaa. Mke wangu akaanza kujifunga kitenge ili tuende wote. Nikamwambia usiku huu ni wa wanaume. Akafungua fundo la kitambaa chake, akatoa faranga 10,000 za mchango, akawaambia watoto wamwombee marehemu. Nilitoka nyumbani nikiwa nimeua mtu ili nikaangalie watu wakiuawa.

Chumba kilijaa. Filamu ilipigwa Afrika Kusini, lakini kilima kilipotokea tu mtu mmoja alisema ni kile cha nyuma ya Shituru, na benchi zima likaapa kwamba ni chenyewe. Kisha risasi zikaanza. Kamera imekaa mgongoni kwa Waairishi, na wewe unakaa inapokaa kamera. Haikupita nusu saa, sote tulikuwa watu wa Ireland. Wakatanga walikuja mbio bondeni, wakaanguka kama mahindi kinuni, na wajukuu zao tukapiga makofi. "Piga!" nilisikia mtu akipayuka. Sauti ilikuwa yangu.

Nilipokaa nikahesabu hasara. Chini ya kiatu changu kulikuwa na mende, marehemu. Munkoyo niliokuwa nakunywa ulikuwa wa siku ya tatu, na munkoyo wa siku ya tatu si kinywaji cha watoto tena. Filamu ilikuwa kwenye flashi ambayo mwenye filamu hajawahi kuisikia habari yake. Uongo nilikuja nao kutoka nyumbani. Likabaki la uzinzi, nalo lilisalimika kwa sababu benchi lote lilikuwa la wanaume.

Mke wangu alikuwa macho akingoja. Alikufa na nini? Tumbo. Mjane yukoje? Analia. Wanazika lini? Hapo nikasema nina usingizi.

Usingizi haukuja. Nikawasha tochi, nikafungua kijitabu nilichopewa Upanga, nikaangukia kisa cha Talaputa, mkuu wa waigizaji. Walimu wake walimwambia kwamba mwigizaji anayechekesha watu huzaliwa upya miongoni mwa miungu wanaocheka. Akamwuliza Buddha kama ni kweli. Buddha akamwambia aache swali hilo. Akauliza tena, akaambiwa aache. Mara ya tatu akajibiwa: watazamaji huja wakiwa tayari wamefungwa na tamaa, chuki na upumbavu, na mwigizaji huwaongezea kamba. Mwisho wake ni jehanamu iitwayo Kicheko. Talaputa akalia. Alisema halilii jibu hilo, analilia miaka ambayo walimu wake walimdanganya.

Nikajifariji kwamba hukumu ile ilikuwa ya mwigizaji, sisi wa benchini hatukutajwa. Nikazidi kujitetea: wale wote walioanguka kwenye filamu waliinuka, wakanawa rangi nyekundu, wakalipwa. Sinema haikuua mtu. Lakini kila nilivyoendelea na utetezi ndivyo nilivyobaki na maiti mbili ambazo hazikuwa za sinema, yaani mende na Mzee wa Reli.

Mmoja wao alifufuka siku ya tatu. Ilikuwa Jumapili. Nikasikia beseni likianguka uani na mke wangu akiita jina la Yesu. Mlangoni alisimama Mzee wa Reli, ameshika baiskeli.

"Usikimbie, mama," alisema. "Hata miye nilisikia ku soko asema nilikufa. Nimekuja kuuliza kintu moja tu. Kilio yangu ilipata ngapi?"

Nikakiri yote, hadi mende. Mke wangu hakusema neno, na bora angesema. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akatoa hukumu: zile 10,000 ni zake, na jioni nimpeleke akaone hiyo filamu.

"Munaonyesha vita yangu bila miye?"

Mwaka 1961 alikuwa na miaka tisa, hapa hapa.

Tukaenda watatu. Mke wangu alisema anakuja kama mlinzi wa mfungwa, kwa kuwa mimi ni mtu wa Buluo. Tukampa mzee nafasi ya mbele na karanga za kukaanga. Alitafuna bila kusema kitu mpaka Wakatanga walipotokea bondeni na wa kwanza akaanguka.

"Pole, ndugu," akasema mzee, kwa sauti ya kawaida, kama anayepita penye msiba. Akaanguka wa pili. "Pole, ndugu." Vijana wakacheka. Wa tatu, wa nne. Mamluki mmoja Mzungu akapigwa, naye akapewa pole yake. Hakuondoa macho kwenye skrini, wala mkono kwenye karanga. Kufika katikati ya filamu benchi la mbele lilikuwa likisema naye, kwanza kwa mzaha, baadaye kwa mazoea, mpaka chumba kizima kikawa na shughuli: risasi moja, pole moja. Waairishi waliposhambuliwa kwa fujo pole zetu hazikuweza kwenda sambamba na bunduki, na mke wangu, mlinzi, alikuwa amesimama juu ya benchi.

Taa zilipowaka nilimwuliza mzee kama imempendeza.

"Iko muzuri sana," alisema. "Ile siku sikuona kitu. Mama alinifunika kichwa na kitenge yake mpaka ikaisha."

Akakung'uta maganda ya karanga, akauliza kama kesho wanaonyesha tena. Kisha akaninyooshea kiganja, akanikumbusha kwamba marehemu bado anadai 10,000.