Ushahidi wa Hatari

Waama, tangu elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, ada si udhuru tena wa kijana wa hapa kwetu Ikungi kukosa darasa, na tangu Novemba 2021 hata binti aliyejifungua ana ruhusa ya kurudi shuleni. Walakini kurudi ni jambo moja na kulifikia somo lililokwisha kutangulia ni jingine, ndipo sisi wachache, kwa nia safi na mkoba mtupu, tulipoazimia kuwafundisha vijana hao hisabati jioni chini ya mwarobaini, tukihitaji ubao, chaki na taa moja ya sola, basi.

Mfadhili tuliyemwendea, Mola amzidishie taadhima, akajibu kwamba haja yetu ni ndogo mno kustahiki ruzuku, akataka andiko la kurasa 40 lenye viashiria, uendelevu, na hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu, ilhali darasa lenyewe lina miezi mitatu. Tukauza gunia la alizeti tukalipia uchapaji.

Swali la mwisho la mfadhili likauliza: “Mna ushahidi gani kwamba vijana hawa wamo hatarini?” Nikageuka niwaonyeshe, nikakuta vijana wamekwisha kutawanyika, kwa kuwa mwalimu wao wa hisabati, ambaye ndiye mimi, muhula mzima alikuwa akiandika andiko.