Ijumaa Punda Hafanyi Kazi: Barua kutoka Blackpool kwenda Babati

Dhoruba za Uingereza zina majina ya watu. Tangu mwaka 2015, idara ya hali ya hewa ya huko na wenzao wa Ireland hutunga orodha ya msimu mzima kwa mpangilio wa alfabeti, wakiziruka Q, U, X, Y na Z, kisha kila upepo mkubwa unaotoka Atlantiki hupewa jina linalofuata. Ijumaa ya tarehe 23 Agosti 2024 zamu ilikuwa ya Lilian, dhoruba ya 12 msimu huo. Hakuna msimu mwingine kabla yake uliokuwa umefika herufi L. Alfajiri ile Lilian alipita kaskazini mwa Uingereza na Wales kwa upepo wa zaidi ya kilomita 100 kwa saa. Tamasha la muziki la Leeds likafunga baadhi ya majukwaa, mashirika ya ndege yakafuta baadhi ya safari, na maelfu ya nyumba zikakosa umeme.

Asubuhi hiyohiyo, kijana mmoja wa Babati anayeishi Manchester alikuwa anakunja taulo. Alikuwa anakwenda ufukweni.

Kosa lake lilikuwa kuitangaza safari kwenye kundi la WhatsApp la familia. Sauti ya mama ilifika haraka kuliko basi la alfajiri la Arusha: "Hidaya tulimsikia. Huyu Lilian naye ni nani, na wewe unamfuata wapi?"

Mama ana haki ya kuuliza. Mwezi Mei mwaka huo, Kimbunga Hidaya kilipousogelea mwambao wa Tanzania, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa tahadhari, boti za kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zikasimama, na hata watu wa Babati, ambao bahari wengi wao wanaijua kwa kalenda ya ukutani, wakakaa karibu na redio. Miezi mitano kabla ya hapo, tarehe 3 Desemba 2023, mvua ilikuwa imeporomosha matope na mawe kutoka Mlima Hanang hadi Katesh, wilaya ya jirani tu, na watu zaidi ya 80 wakafa. Tangu siku hiyo wingu likikaa vibaya juu ya Mlima Kwaraa, kina mama wa Babati hawaulizi litaondoka saa ngapi. Wanauliza watoto wako wapi. Mmoja wa watoto hao alikuwa Manchester, anatafuta kaptula.

Aliyemponza ni rafiki yake Mwingereza, mwenye gari. Jumatatu ya mwisho ya Agosti kwao ni sikukuu, na ukoo wake unarudi hadi kwenye sheria ya mwaka 1871 iliyoagiza mabenki yafungwe siku fulani fulani. Haina mtakatifu, haina mashujaa, haina mwenge. Benki zimefungwa, basi watu wanakwenda baharini. Vyumba vilikuwa vimelipiwa miezi mingi nyuma na fedha hairudi. Alipoulizwa kuhusu Lilian, rafiki alijibu kwa utulivu kwamba onyo ni la manjano tu. Juu ya manjano kuna rangi ya kaharabu, na juu yake kuna nyekundu. Kwa maelezo yake, manjano maana yake aiskrimu uishike kwa mikono miwili.

Ukaidi huu una historia, na mwandishi anaona ni vizuri Babati waijue kabla ya kuwacheka Waingereza. Reli ilifika Blackpool mwaka 1846. Miji ya viwanda vya pamba ya Lancashire ilikuwa na desturi ya kufunga viwanda vyake vyote kwa pamoja, kila mji na wiki yake, na mji mzima, kuanzia mfumaji hadi muuza mkate, ukapanda treni kwenda pwani. Mfanyakazi hakuichagua wiki ile, na hakuna aliyemuuliza kama itanyesha. Ukipewa wiki moja ya kupumzika kwa mwaka, huiahirishi kwa sababu ya upepo. Viwanda vingi vya pamba vilishakufa siku nyingi, lakini wajukuu wa wale wafumaji bado wanakwenda, wamevaa makoti ya mvua, nyuso zimekaza. Babati ni kinyume chake. Mtu anatazama Kwaraa, akiona wingu anaahirisha shamba, anaahirisha safari ya Dareda, anaahirisha hata kikao cha harusi, na lawama yote inatwishwa mvua ambayo pengine isinyeshe kabisa.

Safari yenyewe, kilomita kama 80, haina la kusimulia. Hakuna aliyegonga dirisha akiuza mahindi ya kuchoma. Hakuna Magugu pa kushuka ukanunua mchele. Watu wanne walikaa garini kimya na mikanda imefungwa: Mwingereza, kijana wetu, rafiki wa Mombasa na rafiki wa Goma.

Blackpool ina mnara wa chuma wa mita 158, uliofunguliwa mwaka 1894, miaka mitano baada ya ule wa Paris uliowatia wivu. Mchana ule nusu ya juu ilikuwa imemezwa na wingu. Chini yake mchanga ulitandaa mpana, maji yamekupwa, na mahali fulani mbali sana kulikuwa na mstari wa kijivu unaonguruma. Rafiki wa Mombasa, mtu aliyezaliwa na bahari mlangoni, aliutazama muda mrefu, akazungusha shali shingoni na kusema bahari hii ni chafu na yeye hana ugomvi nayo. Rafiki wa Goma, ambaye Ziwa Kivu lenye gesi chini yake halikuwahi kumtisha, alimwona mzee mmoja akikimbilia majini na chupi ya kuogelea tu. "Banaingia mu mayi na hii baridi?" aliuliza. Hakuna aliyemjibu, maana mzee alikuwa ameshaingia na alikuwa anacheka.

Familia nyingine zilikuwa zimechomeka vijiti mchangani na kuvizungushia kitambaa cha milia, kila ukoo na ua wake, mfano wa bafu la magunia nyuma ya nyumba za kupanga, halafu wakakaa ndani wakinywa chai ya chupa. Wengine hawakushuka kabisa. Walikuwa wameegesha magari yakiitazama bahari, vioo vimefungwa, wanakula chipsi na kuendesha waipa ili waendelee kuiona. Kijana wetu alitaka kucheka, akakumbuka kwamba kwao Babati watu huenda Ziwa Babati Jumapili, wakaegesha, wakafungulia muziki na kula mishikaki bila kulitazama ziwa hata mara moja.

Lakini jambo lililomkosesha usingizi ni la punda.

Picha za matangazo ya Blackpool zina punda. Wamepangwa mchangani, wana hatamu zenye majina yao, na watoto wanapandishwa na kutembezwa kidogo. Hivyo ndivyo ilivyo tangu enzi za babu zao. Kijana wetu alikuwa amewaahidi wapwa zake picha ya punda wa Ulaya. Akatafuta mchanga mzima bila kuona punda. Akamwuliza mama mmoja wa kibanda cha chai kama wamefichwa kwa ajili ya dhoruba. Yule mama akashangaa swali. Dhoruba haihusiki, alisema. Leo ni Ijumaa. Ijumaa punda hawafanyi kazi.

Rafiki wa Mombasa, ambaye sala ya Ijumaa ilikuwa imempita akiwa kwenye foleni ya barabara kuu, alinyamaza kidogo, kisha akauliza punda hao wanasali msikiti gani.

Si dini, ni sheria. Mwaka 1942, katikati ya Vita vya Pili vya Dunia, Ulaya inaungua, wakubwa wa mji wa Blackpool walikaa wakaandika kanuni za punda wa ufukweni. Punda ataanza kazi saa nne asubuhi na ataacha saa moja jioni. Punda atapata saa nzima ya chakula cha mchana. Punda atapumzika Ijumaa. Hadi leo kanuni hiyo inatajwa kwa fahari, na punda hukaguliwa na daktari wa mifugo kabla ya kuruhusiwa kukanyaga mchanga. Kijana wetu alimsikiliza mama wa chai, akamwomba arudie ile sehemu ya saa ya chakula. Akairudia.

Ikumbukwe kwamba kijana huyu anafanya kazi kwenye ghala, zamu ya usiku, kupakia maboksi. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1998 kuhusu saa za kazi inampa binadamu anayefanya kazi zaidi ya saa sita haki ya mapumziko ya dakika 20. Dakika 20 zinatosha kuvua glavu, kusimama kwenye foleni ya kipasha chakula, kuona wali umepata moto pembeni na kubaki na barafu katikati, na kuvaa glavu tena. Punda ana dakika 60. Kijana wetu alipiga hesabu hiyo akiwa amesimama kwenye upepo, amejifunga taulo kichwani, na kwa mara ya kwanza tangu apate viza alijiuliza kama alijaza fomu sahihi.

Halafu akamfikiria punda wa baba mdogo, kule Bonga. Punda huyo hubeba madumu ya maji asubuhi, mbaazi mchana, na magunia ya mnadani siku ya mnada, na ratiba yake imeandikwa kwenye fimbo. Kweli, naye mambo yake yalikuwa yanasogea. Februari mwaka huohuo wa 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikutana Addis Ababa wakakubaliana kupiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi zinazosafirishwa China kutengenezea dawa. Kwa hiyo punda wa Blackpool anadai muda wa chakula, na wa Bonga ndiyo kwanza amehakikishiwa kwamba hatachunwa. Mwenye kutaka kucheka hapo acheke. Mwandishi amejaribu, kicheko kikakwama katikati.

Jumamosi mvua ilikuja kwa vipande na upepo haukuondoka. Wanne wale walinunua chipsi na samaki, wakamwagiwa chumvi na siki kabla hawajauliza kachumbari iko wapi. Kijana alikuwa anaeleza chipsi mayai ya stendi ya Babati usiku, jinsi kikaango kinavyopinduliwa na sahani, jinsi muuzaji anavyouliza "pilipili?" huku ameshaweka, na wakati anaonyesha kwa mikono, ndege mweupe mkubwa alishuka kutoka nyuma na kuondoka na samaki wake. Aliinua kiatu. Mwingereza akamshika mkono. Shakwe analindwa na sheria ya mwaka 1981, kumdhuru ni kosa.

Hilo kijana alilielewa bila kufafanuliwa. Babati nako kiboko hutoka ziwani usiku, akatembea kwenye mahindi ya mtu, akala alichotaka na kurudi majini, na mwenye shamba hana ruhusa ya kumgusa. Anapiga debe, anawaita watu wa maliasili, na anasubiri. Ni kwa sababu ya kiboko huyohuyo kijana wetu, aliyekulia mahali ambapo ziwa linaonekana ukitoka tu nje, hajui kuogelea hadi leo. Aliwaeleza wenzake ukweli huo walipoanza kumvuta kuelekea majini. Mwingereza akacheka sana, akamhakikishia kwamba Bahari ya Ireland haina kiboko hata mmoja.

Akaingia. Maji yalimfika magotini. Ripoti iliyotumwa nyumbani inasema alikaa humo muda wa kutosha, lakini video iliyopigwa na rafiki wa Goma ina sekunde chache, na sehemu kubwa yake ni kijana akikimbia kurudi, akiita jina la marehemu bibi yake kwa Kigorowa.

Usiku, katika chumba chenye dirisha linalopiga mluzi, alipiga simu nyumbani. Huko ilikuwa imeshapita saa sita, Babati imelala, isipokuwa mama. Hakumuuliza kuhusu mnara wala punda. Aliuliza kama nguo zimekauka. Kijana alisema zimekauka. Zilikuwa zimetundikwa juu ya hita, zinatoa matone. Akasikia nyuma ya sauti ya mama mbwa wa jirani wakibwekeana na lori likibadili gia kwenye barabara ya Singida, na akaomba mama asikate kwanza, asiongee tu, aache simu wazi kidogo. Mama akauliza kama vocha za huko ni za bure.

Jumapili saa nne kamili asubuhi punda walifika, wamesuguliwa, wamelala vya kutosha. Kijana wetu hakupanda, hao ni wa watoto. Alipiga picha na mmoja wao haraka haraka, kwa kuwa wenzake wote walikuwa na Jumatatu ya mapumziko isipokuwa yeye. Sheria haimlazimishi mwajiri kumpa mtu sikukuu hiyo, na zamu yake ilikuwa imeshaandikwa. Picha ikaenda kwenye kundi la familia pamoja na maelezo kamili: saa ya chakula, daktari, Ijumaa.

Wapwa walituma vikatuni vya kucheka. Shangazi alitaka kujua punda analipwa kwa mwezi au kwa siku. Baba mdogo wa Bonga, ambaye huwa haandiki chochote kwenye kundi hilo isipokuwa taarifa za misiba, alichukua muda mrefu, ile alama ya kuandika ikitokea na kupotea, kisha ujumbe wake ukaingia: "Nimeona. Hizo habari ziishie hapohapo kwenye simu. Wangu asubuhi ana mbaazi za kupeleka mjini, na huwa anasikiliza."