Maombi ya Kazi ya Mtu wa Kawaida, Kabuku

Mwenyekiti,
Tume ya Kurekebisha Sheria Tanzania,
Dodoma.

YAH: KUOMBA NAFASI YA MTU WA KAWAIDA WA JAMII

Mheshimiwa, tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, katika vifungu ambavyo mawakili wamevizoea kwa namba 201 na 202, inasema aliyeua kwa kughadhibishwa ghafla, kabla hasira haijapoa, hahesabiwi muuaji wa kukusudia. Lakini si kila hasira inapita. Mahakama hujiuliza kama tendo au tusi lile lingemshinda mtu wa kawaida kujizuia, tena wa kawaida katika jamii ya mshtakiwa mwenyewe.

Nimemtafuta mtu huyo hapa Kabuku. Nimeuliza kwa Wazigua, kwa wajukuu wa waliokuja kukata mkonge wakabaki, kwa wafugaji, hata kwa vijana wanaokimbilia mabasi ya Segera na machungwa mkononi. Hakuna aliyewahi kuitwa kupimwa. Kumbe kipimo kinatumika tangu 1930 na kiti kiko wazi!

Sifa zangu ni hizi. Kondakta amenitukana mbele ya mama mkwe. Ng'ombe wa watu wamelala ndani ya mahindi yangu. Panga ninalo na linakata. Sijaua mtu. Naelewa hili linaweza kuniharibia, maana nikiwekwa mimi kuwa kipimo, utetezi mwingi utaanguka siku hiyo hiyo.

Nafasi yenyewe ina historia ya heshima. Katika shauri la Uganda la 1941, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilikubali kwamba kumkuta mtu anayeaminika mchawi akitambaa uchi uani usiku wa manane kunaweza kumpandisha mtu hasira za kutosha. Mwaka 1951 ikafafanua kwamba imani ya uchawi peke yake haitoshi. Uingereza, walioturithisha sheria hii, waliifuta ya kwao Oktoba 2010, wakaweka utetezi mpya wa kushindwa kujizuia na kusema wazi kwamba usaliti wa kimapenzi, ukiwa peke yake, si sababu. Sisi mtumba wao bado tunauvaa. Hatuko peke yetu: Uturuki, kwa kifungu cha 29 cha sheria yao ya jinai, aliyestahili kifungo cha maisha akionekana alichokozwa hupewa miaka 12 hadi 18.

Mtanijibu kwamba kwetu mauaji ya kukusudia hayana adhabu nyingine ila kunyongwa, na kifungu hiki ni mlango wa huruma. Kweli kabisa. Basi mpeni jaji uhuru wa kuchagua adhabu, asilazimike kuitafuta huruma kwenye tabia za marehemu. Maana katika kesi hizi anayeshtakiwa hasa ni marehemu: alisema nini, alilala na nani, alijibu kwa sauti gani. Naye hawezi kupanda kizimbani.

Halafu kuna hilo neno "ghafla". Mume akifumania, anawaka papo hapo, anatua katikati ya kifungu kana kwamba alishonewa. Mke aliyepigwa miaka, hasira yake ikachemka taratibu kama kande, siku ikifurika ataambiwa alikuwa na muda wa kupoa. Sijui nani alipima joto hilo, ila namhisi alikuwa na ndevu.

Kama umri au jinsia yangu itakuwa kikwazo, nampendekeza jirani yangu. Mumewe ameuza magunia ya mahindi ya familia nzima, fedha zikaishia kilabuni, akarudi usiku akidai chakula na kumwita mvivu. Mama alikuwa na mwiko mkononi, kisu mezani na jembe nyuma ya mlango. Alimpakulia ugali. Bwana yule yupo, mzima wa afya, na anaweza kuwa mdhamini wa mkewe kwenye fomu.

Naomba pia kujua posho ni kiasi gani.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwombaji, Kabuku.